Mguu Uliolala Vibaya

Wengine mna bahati. Mkisikia harufu ya mbao mbichi mnakumbuka kitanda kipya, au dawati la darasa la kwanza. Mimi siku hizi naishi Kibondo mjini, nyumba yangu imepakana na karakana ya seremala, na kila lori linaposhusha mbao nafunga madirisha kama mtu aliyeona siafu mlangoni. Jirani yangu anadhani naogopa vumbi. Juzi aliniuliza kwa adabu zake zote kama nina pumu. Nikamjibu sina pumu, nina baba. Akacheka kidogo, hakuelewa, akaniletea kipande cha plastiki cha kuzibia dirisha. Ni mtu mwema.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao kule Kagerankanda, na harufu ile ilikuwa yake kabla haijawa ya mtu mwingine. Alifanya kazi na mdogo wake, baba mdogo Yusto. Gogo liliwekwa juu ya jukwaa la miti, mmoja akasimama juu yake na mwingine chini, msumeno mrefu katikati yao ukipanda na kushuka tangu asubuhi hadi jua likolee. Baba alipenda kukaa chini, ingawa wa chini ndiye anayekula unga wote wa mbao. Jioni alirudi nyusi zimejaa, nasi tukagombania kumpangusa. Nilikuwa sijaanza shule vizuri, lakini nilijua kutofautisha mninga na mkurungu kwa kunusa kola ya shati lake.

Siku moja ya masika kigingi kiliteleza na gogo likaporomoka. Lilimshika mguu wa kushoto, ukiwa ndani ya buti la mvua, likaupinda na kuulalia. Baba mdogo alihangaika nalo peke yake, hakuliweza, akakimbia kutafuta watu. Mpaka walipokuja na magongo ya kulinyanyulia, Baba alikuwa amelala pale kwa muda mrefu, unyayo umepinda, vidole vimejikunja ndani ya buti, akijaribu kuvifungua na visifunguke. Wakampeleka Kasulu. Hospitalini waliangalia, wakasema mguu huu hauponi, na usipotoka utaondoka na mwenyewe. Wakaukata juu ya goti.

Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilichokiona ni kwamba mguu wa Baba ulirudi nyumbani kabla ya Baba.

Nilikuwa uwanjani nikichambua maharage pamoja na Bibi, mama yake Baba. Bodaboda ikaingia, baba mdogo Yusto ameketi nyuma, amekumbatia kiroba kirefu kilichofungwa kwa kitenge kipya. Baba mdogo akitoka Kasulu hakuwahi kukosa mkate. Nikamkimbilia nikipiga kelele, nikakishika kiroba kwa mikono miwili kabla hajanizuia, nikakibana kifuani jinsi watoto tunavyobana zawadi. Kilikuwa kizito na cha baridi. Kilikuwa na kitu kigumu kama kisigino. Baba mdogo akakipokonya, akaanza kulia mbele ya yule dereva ambaye naye hakujua alichokuwa amebeba njia nzima. Dereva alipoambiwa, alirudi nyuma hatua kadhaa, akaiacha pikipiki inaunguruma.

Baba mdogo ndiye aliyechimba, na alichimba huku akilia, kwenye ukingo wa migomba. Shimo likawa fupi. Nadhani hakuwa na nguvu ya kulirefusha. Akaukunja mguu gotini ili uenee, akaufukia, Bibi akasali sala ya haraka, basi. Nilipouliza kwa nini tunamzika Baba kidogo kidogo, nilipigwa kofi ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la nani. Kisha Bibi akaniambia kwa upole kwamba mguu wa baba yako umetangulia tu.

Umetangulia. Mtoto akiambiwa hivyo ataelewa nini? Nilielewa kwamba mguu uko hai, chini kule, unamsubiri mwenyewe.

Baba akarudi. Kidonda kilipona vizuri, muuguzi wa zahanati alikisifu. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa kile kipande kilichobaki, lakini hakikunitisha, kilifanana na kiwiko kikubwa. Kilichonitisha kilikuja siku chache baadaye. Baba alikuwa amekaa mkekani barazani, mara akauma meno, akashika hewa mahali ambapo goti lingekuwa.

"Vidole," alisema. "Mama Anjela, vidole vinajikunja. Nikunjulie vidole."

Mama akaangalia mkeka. Hapakuwa na kitu pale ila mkeka. Akamwangalia Baba usoni, akaona jasho linavyomtoka, akapiga magoti, akaanza kukanda mkeka.

"Chini kidogo," Baba akasema. "Hapo. Kaza hapo."

Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Mama yangu, mwanamke asiyeamini hata ndoto, alikuwa anakanda ukili kwa vidole gumba viwili, na Baba alikuwa anamwelekeza.

Baada ya pale maumivu hayakumwachia. Mara unyayo unaungua kama umekanyaga kaa la moto. Mara unawasha mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Mara, na hii ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, vidole vinajikunja na kubana, kama alivyokuwa chini ya gogo. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu, akavimeza kama karanga, havikumsaidia. Majirani walikuja kumtia moyo na kuondoka wakinong'ona kwamba ajali imemgusa kichwa. Mimi ndiye pekee niliyejua jambo lenyewe. Mguu uko hai, na Baba anausikia.

Basi nikaanza kuuhudumia. Alipolalamika kwamba unawasha, nilikwenda migombani na kijiti, nikakuna udongo. Siku ya kwanza niliporudi nilimkuta amelala usingizi, na hakuna mganga aliyewahi kujiamini kama nilivyojiamini mchana ule. Aliposema unaungua, nilimwaga maji. Nilipoona siafu wamepita karibu, nilizungushia majivu. Kulikuwa na nyakati nakuna mpaka kijiti kinakatika na bado nasikia Baba akigumia kule barazani, nikadhani nimekosea upande, nikahamia upande wa pili.

Wakati huohuo mbuzi wetu walianza kuzurura. Walikula maharage ya jirani, wakala nguo kambani, wakaingia jikoni. Sikuelewa kwa nini Mama hawafungi. Nilipotafuta kamba niwafunge mwenyewe sikuiona hata moja, nyumba nzima. Siku moja nikamkuta Mama anaifungua hata ile ya kuanikia nguo, anaizungusha mkononi kimya kimya, akaipeleka kwa jirani. Dawa ya kunyunyizia mahindi ilikuwa imeshahamia huko. Nilifikiri Mama amechoka na ufugaji. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, nilipokaa chini ghafla katikati ya kufua nikaelewa Mama alikuwa anamficha nani zile kamba. Nguo zilinidondoka.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu. Alimsikiliza Baba akilia asubuhi moja, akaweka kikombe chake chini.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema. "Sisi tunampa vidonge vya mdomoni, na kinachomuuma kiko ardhini. Yusto, uliulazaje ule mguu?"

Baba mdogo akainama. "Niliukunja, Mama. Shimo lilikuwa fupi."

"Uliukunja!"

"Nilikuwa nalia, Mama."

"Basi mwenzako amekaa mwaka huu wote amechuchumaa kaburini. Kesho tunaunyoosha."

Mama alipinga, akasema yeye hatakanyaga huko. Baba hakupinga. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika, kwa mara ya kwanza ulikuwa na hamu ya kitu. Kesho yake wakamkalisha barazani, wakaenda migombani, na wakakwama, kwa sababu migomba ilikuwa imezaa machipukizi na hawakuiona tena sehemu yenyewe. Bibi akaniita. Alikuwa ameniona nikikuna.

Nikawaonyesha. Baba mdogo akainua jembe, akalishusha.

"Mmenikata!" Baba alipiga ukelele kutoka barazani. "Yusto, mmenikata!"

Jembe lilikuwa limekita kwenye mzizi wa mgomba. Halikuwa limefika popote. Tulitazamana sote watatu, kisha Bibi akampokonya baba mdogo jembe akaendelea mwenyewe.

Sitawasimulia yote niliyoyaona, na msiniulize. Nitasema moja tu. Kitenge kilikuwa bado kina rangi, Bibi alikifunua, na vidole vilikuwa vimejikunja. Vyote vitano, ndani, vimebana, vilevile kama Baba alivyokuwa akituambia barazani kwa miezi yote ile.

"Mawe!" Bibi alinong'ona, akimwita mama yake kwa Kiha, na jembe likamtoka.

Baba mdogo aliketi chini kama aliyekatwa yeye. Mimi sikulia wala sikukimbia. Nilikuwa sahihi. Hebu fikiria mtoto mdogo kugundua kwamba jambo la kutisha kuliko yote aliyowahi kuyawaza ni kweli, na watu wazima nao wanaliona. Bibi alirefusha shimo, akaunyoosha mguu, akavinyoosha na vile vidole kimoja baada ya kingine kwa mikono yake, akimwita Mungu kwa jina la Imana. Tukaufunika.

Tulirudi tukamkuta Baba anatabasamu. "Umenyooka," alisema. "Nausikia umenyooka."

Alikula ugali siku ile akamaliza. Tukamshangilia Bibi, hata Mama alimwomba radhi. Wiki ilikuwa haijaisha vizuri vidole vilipojikunja tena. Sasa ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kujaribu. Baba mdogo akasema tuchimbe tena. Baba akasema hapana, leteni msumeno, mnikate pale palipobaki mpaka mkipate kinachouma. Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya kesho. Mama alisikia. Aliingia ndani akakaa kitandani, mikono juu ya magoti, akabaki hivyo mpaka mboga ikaungua.

Siku ya soko alibeba ndizi akaenda kuuza soko la jirani na kambi ya Nyarugusu, nami nikamfuata. Mteja wake mmoja alikuwa mama wa Kikongomani, mkimbizi, tuliyemjua kwa jina la Mama Zawadi. Mchana alisuka nywele kwenye saluni yake ya turubai, asubuhi alifanya kazi hospitali ya kambi, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Aliuliza bei ya mkungu, na badala ya bei Mama akamwambia habari zote. Mguu, mkeka, kaburi, msumeno. Watu humwambia mgeni mambo wasiyoweza kumwambia dada yao.

Mama Zawadi hakushangaa hata kidogo, na hilo lilinishangaza mimi.

"Inaumaka," alisema. "Batu mingi niliwaona vile, kwetu, wakati ya vita. Mimi niko kine, nilisomea ile kazi ya kunyoosha viungo. Bwana yako hana wazimu. Mumulete."

Kumshawishi Baba haikuwa rahisi, lakini baba mdogo alimpakata kwenye bodaboda vilevile alivyokuwa amepakata kile kiroba, tukaenda. Kilikuwa chumba kidogo, kina benchi, magongo ukutani, na watu wakisubiri zamu. Mama Zawadi alimkalisha Baba kwenye godoro jembamba, akamwondolea kiatu cha mguu wa kulia, kisha akatoka akarudi na kioo kirefu cha saluni yake.

"Papa, sikia," alisema. "Muguu ile haiko. Kinachouma haiko chini, iko hapa." Akamgusa kichwa. "Kichwa inapigia muguu simu. Inasema, fungua vidole! Muguu haijibu. Inapiga tena, inapiga nguvu, hakuna mutu anapokea. Neno ya mwisho kichwa ilisikia ni ile ya gogo. Ndiyo inashika tu ile."

"Mwanangu aliviona," Baba akasema. "Vidole vimejikunja. Kaburini."

"Muguu ya kila maiti inajikunjaka, Papa," akajibu. "Hata yangu itajikunja."

Akasimamisha kioo katikati ya mapaja ya Baba, upande wa kujitazamia ukielekea mguu wa kulia, kipande cha kushoto kikafichika nyuma yake. "Usiniangalie mimi. Angalia mule."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la Baba, nikaangalia pamoja naye. Mguu wa kushoto ulikuwa pale. Mzima, safi, una kucha, umelala kando ya mwenzake kwenye godoro. Mguu niliouona ukiwa kwenye udongo. Nilipiga ukelele uliowasimamisha wagonjwa wote kwenye benchi, nikakimbilia nje, Mama akanikamata mlangoni akanirudisha ndani kwa sikio.

Baba hakunisikia hata. Alikuwa amekiinamia kioo.

"Fungua vidole," Mama Zawadi alisema. "Miguu yote mbili, pamoja. Polepole."

Kwenye kioo vidole vikafunguka. Baba akaviangalia. Akavikunja, akavifungua tena. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua unapokubali. "Vimefunguka," alisema. "Mama Anjela, vimefunguka. Vimetoka kwenye buti."

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili, maana nilikuwa sina amani nalo. Nimesoma kwamba ukijikwaa, mguu haujui kuwa umeumia. Mishipa ya fahamu inapeleka habari tu, ya kwanza ikikimbia, kali na fupi, na nyuma yake inakuja ile ya polepole inayounguza, zote zinapanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na ni huko ndiko zinakogeuka kuwa "ai!" Nimesoma kwamba mishipa ikikatwa, ncha zake huendelea kutuma habari za mahali ambapo hapapo tena, na kwamba ubongo una ramani ya mwili mzima ambayo haifutiki kwa msumeno wa hospitali. Naelewa, naweza hata kukuchorea. Lakini nikikumbuka lile jembe na ule ukelele, nywele bado zinasimama.

Baba hakupona siku ile. Maumivu yalirudi jioni, ila yalirudi yakiwa na aibu kidogo. Baba mdogo akanunua kioo sokoni, akakileta amekifunga mgongoni, na kila asubuhi Baba aliketi barazani akifanya mazoezi huku sisi tukipita kwa kunyata. Mambo yakaanza kuwa ya ajabu upya. Akasema mguu unafupika. Unyayo umepanda, sasa uko karibu na lilipokuwa goti. Baadaye akasema umekuwa mdogo kama wa mtoto, unaning'inia pale kwenye kipande, haubani tena, unamtekenya tu. Alikuwa akicheka akisema hivyo. Aliomba aonyeshwe mbuzi, akauliza kwa nini wamekonda.

Kisha ikaja asubuhi ambayo alikunja na kufungua, akakunja na kufungua, akaacha. Akakilaza kioo chini. Akapapasa mkeka kwa kiganja, polepole, hadi ukingoni.

"Haupo," alisema.

"Hauumi?" Mama akauliza.

"Haupo kabisa."

Mama akapiga makofi, "Imana ashukuriwe!" Na mimi nikaanza kurukaruka. Lakini Baba aliweka mikono yote miwili kichwani, kama watu wanavyoweka wakiletewa habari ya kifo, akafungua kinywa akalia. Hakulia siku ya gogo, baba mdogo ni shahidi. Hakulia walipomkata. Siku ile alilia kwa sauti iliyofika mashambani. "Mguu wangu!" alilia. "Jamani, mguu wangu umekufa!" Niliacha kuruka. Nilikuwa nimengoja maumivu yaondoke kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuhesabu, na sikuwa nimewaza kwamba yakiondoka yataondoka na mguu wenyewe.

Majirani walisikia kilio wakaja mbio, majembe begani, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wakiuliza nani amefariki. Hatukujua tuwajibu nini. Bibi alitoka jikoni, akamwangalia mwanawe, akavua kilemba chake.

"Ni mguu," aliwaambia. "Leo ndiyo tumepata msiba."

Hakuna aliyecheka. Waliweka majembe chini, wakavua kandambili, wakampa mkono mmoja mmoja na kumwambia pole, kisha wakaketi mkekani kumzunguka, hata upande wake wa kushoto, pale ambapo tangu arudi kutoka hospitali hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kuketi.